Kiapo cha Kopo la Unga

Usiku wa jana niliota unga wa ngano umekuja kunisalimia. Ulisimama kwenye mlango wa jikoni, kilo mbili kamili, umejitanda kanga, ukabisha hodi kama mtu aliyelelewa vizuri. Nikaukaribisha kigodani. Ulipokaa, vumbi jeupe likatimka kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Tumeitwa kuchanganywa."

Nikasema, "Mbona nimeshawachanganya jana jioni?"

"Ndiyo maana tumerudi," ukasema unga, ukatazama chini. "Kuna jambo halikukaa sawa."

Nisimame hapo kwanza niwaeleze unga wenyewe ni upi, maana asiyejua hataona kwa nini maneno hayo yalinitisha.

Mjukuu wangu Bupe ana miaka saba. Maziwa na mayai hayaingii mwilini mwake. Hapa kwetu Tukuyu kila nyumba ina ng'ombe, na mgeni akifika hata hajakaa ameshapewa kikombe, kwa hiyo watu wanaona ni deko. Siyo deko. Mwaka jana msibani mama mmoja mwenye huruma alimpa kijiko cha mtindi. Kijiko kimoja tu. Tulimkimbiza zahanati midomo imekuwa zambarau, anavuta pumzi kwa shida, unasikia inapita kwenye katundu kadogo kama uzi kwenye sindano. Mganga alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunasema mengine.

Mama yake, binti yangu Tumpe, anafanya kazi Mbeya mjini. Aliniandikia karatasi ya kutengeneza unga mkavu wa pankeki, usio na kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Unga wa ngano, sukari, chumvi, beking pauda, mdalasini, na mbegu za kitani zilizosagwa, hizo zinashikisha pankeki mahali pa yai. Unachanganya mara moja, unatia koponi, na kila asubuhi unachota kikombe, unaongeza maji na mafuta kidogo, unakaanga. Mtoto anakula, anawahi shule. Karatasi nimeibandika ukutani kwa ugali na huwa naisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, sina haraka.

Chupa ya kioo niliyokuwa natunzia ilivunjika Ijumaa. Jana jirani yangu Mama Ambokile akanipa kopo lake la bati, kubwa, kifuniko kinabana vizuri. "Nilikuwa naweka karanga," akaniambia. Karanga Bupe anakula. Nikaliosha kwa sabuni, nikalianika juani, jioni nikachanganya unga nikalijaza. Nikalala nimeridhika.

Basi, tuendelee na ndoto.

Karatasi ya Tumpe inabanduka ukutani. Inavaa viatu. Inasimama katikati ya jikoni na kusoma kwa sauti ya binti yangu, ile sauti yake ya simuni ambayo haipendi kukatizwa.

"La kwanza. Kila kitu kichekechwe mara tatu."

Iliposema hivyo jikoni pakawa josho. Josho ni ule mfereji wa dawa ya kupe, ng'ombe wanapita mmoja mmoja. Kuta za zege huku na huku, na mbele, badala ya dawa, limesimama chekeche langu, limekuwa kubwa kama geti la shule. Tumepangwa mstari. Unga mbele, nyuma yake sukari, kisha chumvi, kisha wengine, na nyuma ya wote mimi, nimeshika kandambili mkononi.

Upande wa pili wa ukuta nikaona meza yangu. Bupe ameshakaa, sare ya shule imenyooshwa, sahani tupu mbele yake. Nje ya dirisha jua limesimama, limeshika viatu vyake, linachungulia.

"Bado?" jua likauliza.

"Bado kidogo," Bupe akajibu. "Bibi yuko kwenye foleni."

"Siwezi kuchomoza mtoto hajala," likasema jua. "Lakini na mimi nina kazi zangu. Waharakishe."

Chekeche likaanza.

"Jina?"

"Sukari."

"Umewahi kulala nyumba moja na maziwa?"

"Sijawahi. Nimetoka dukani kwa Mwakibinga nimefungwa kwenye gazeti. Uliza gazeti."

"Pita."

Chumvi ilipoulizwa ikaanza kulia, ikalia mpaka ikalowa, ikabidi ianikwe kwanza ukutani. Beking pauda ikasema, "Naomba niulizwe polepole, mimi nikishtuka navimba." Ikaulizwa polepole. Mbegu za kitani zikajibu zote kwa pamoja kwamba hazijui maziwa ni nini, zimetoka mbali, na zingeomba maji ya kunywa. Mdalasini ukaapa kwa miti yote. Wote wakapita. Wakazunguka, wakapita tena. Mara tatu, kama karatasi inavyotaka.

Mimi nilingoja zamu yangu. Nimezoea kungoja. Nimengoja bombani, nimengoja kliniki, nimengoja barua. Mtu akisema subiri, miguu yangu inajua yenyewe kusimama.

Hapo ndipo nikasikia harufu.

Ilikuwa harufu ya maziwa. Haikuwa kali. Ilikuwa ya uvuguvugu, kama mdomo wa mtoto mchanga aliyetoka kunyonya. Nywele zikanisimama. Nikamgusa unga begani.

"Mwanangu, unasikia harufu?"

"Nasikia, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Sote tunasikia. Tunaogopa kusema."

Nikamtazama Bupe. Ameshika uma. Anaugonga kwenye sahani taratibu, anahesabu. Nikataka kupiga kelele, lakini mdalasini ukanigeukia ukasema, "Foleni, bibi. Hata wewe." Nikanyamaza. Nikangoja. Hilo hadi sasa hivi ninapoandika linaniuma, kwamba nilinyamaza nikangoja.

Ndipo Tausi akaingia. Tausi ni ng'ombe wangu mwenyewe, mwekundu, ana doa jeupe usoni. Aliingia kwa miguu miwili, na mkoba kwapani.

"Mwenzangu," akasema, "miaka kumi na moja unanikamua. Leo nasikia nimeandikwa kwenye karatasi ya wabaya."

"Siyo wewe, Tausi. Ni koo la mtoto."

"Najua. Ningekuwa na kinyongo ningekupiga teke asubuhi. Nimekuja kunusa."

Akapita kwenye mstari, akinusa mmoja mmoja shingoni. Unga ukafumba macho. Alipomaliza akarudi kwangu upesi, mkoba kaubana kifuani. Sijawahi kumwona ng'ombe akiogopa kitu ambacho siyo fisi.

"Wa kwangu hayumo," akasema. "Lakini yumo mmoja. Wa mbali. Amekaushwa akasagwa, hana jina, hana kwao. Hata sijui alikamuliwa na nani."

"Yuko kwa nani? Kwa sukari?"

"Hayuko kwa mtu. Hawa wote ni wasafi."

"Sasa yuko wapi?"

"Yuko kwenye nyumba," akasema Tausi, akafunga mkoba wake. "Samahani, mwenzangu. Mimi huko siwezi kuingia, pembe hazipiti."

Karatasi ikagonga viatu. "La pili. Weka mahali pakavu, pa giza. Funga hewa isiingie."

Tukamwagwa.

Sikumbuki nani aliyetumwaga. Nilikuwa joshoni, mara niko ndani ya kopo, nimekaa juu ya unga, magoti kidevuni. Ni pakubwa kama kanisa na hakuna dirisha. Juu kabisa kifuniko kinashuka. Kinashuka polepole, kwa adabu, kisha tak. Giza.

Giza la kopo siyo giza la usiku. La usiku lina upepo, lina mbwa wa jirani. Hili linakugusa uso.

"Karibu, bibi," kuta zikasema.

Nikasema ahsante, maana ndivyo nilivyofundishwa. Kisha nikauliza, "Wewe ni kopo la nini?"

"La karanga. Mama Ambokile hakukuambia?"

"Aliniambia. Kabla ya karanga?"

"La sukari guru."

"Kabla ya sukari guru?"

"La vifungo. Vifungo na sindano mbili, moja haina tundu."

"Na kabla ya vifungo?"

Unga wote chini yangu ukatulia, nikausikia unavyosikiliza.

"Nimeapa," kopo likasema. "Niliapa mbele ya watu wote hawa kwamba mimi ni safi."

"Kabla ya vifungo?"

"Wewe uliniosha. Ukanigeuza juani, ukanifuta kwa kanga yako, ukasema, 'Haya, sasa umekuwa safi.' Bibi, tangu nitoke kiwandani hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Ningesemaje?"

"Kopo. Kabla ya vifungo."

Likapumua. Bati zima likalia kidogo, ile sauti ya bati linapopata joto.

"Nilikuwa na mtoto," likasema. "Ambokile. Alipozaliwa mama yake alikuwa mgonjwa, kifua kikakauka. Nikaletwa mimi, nimejaa maziwa ya unga mpaka juu. Nilimlea miezi saba. Alinenepa akawa na mikunjo mapajani. Watu walikuja kumwangalia, wakanisifia na mimi, wakanishika, wakasoma maandishi yangu."

"Ambokile sasa ana ndevu," nikasema. "Anaendesha lori."

"Najua. Haji hata kunisalimia." Bati likalia tena. "Nilibakiza kidogo. Kidogo tu, huku juu, kwenye mkunjo wa mdomo ambako kidole hakifiki. Ya kumkumbukia. Yalikuwa yamekauka, yametulia, hayamsumbui mtu. Jana ulipoyamwagia maji ndiyo yakaamka."

Nikainua macho. Sikuona kitu, lakini nikasikia. Juu gizani, kuzunguka mdomo wote, kitu kinabanduka. Chembe moja ikaanguka, ikatua mkononi mwangu. Ilikuwa ya uvuguvugu. Ikaanguka ya pili, ikatua kwenye unga, na unga ukapiga yowe.

"Izuie!" nikaliambia kopo.

"Sina mikono, bibi."

Tukaanza kukimbia, mimi na unga na sukari, tunakwepa chembe. Lakini ndani ya kopo unakimbilia wapi? Unazunguka tu. Chumvi ikajificha chini yangu. Mbegu za kitani zikakumbatiana. Chembe zikazidi, zikawa zinadondoka kama mvua ya kwanza, moja hapa, moja pale, bila haraka.

Kisha kifuniko kikafunguka.

Mwanga. Na katika mwanga, mkono wa Bupe, mkubwa kama mti ulioanguka, umeshika kikombe. Nikaziona kucha zake nilizozikata mwenyewe Jumapili.

Karatasi ikasoma kutoka mbali, "La tatu. Kikombe kimoja kilichojaa, kisawazishwe kwa kisu."

"Bupe!" nikapiga kelele. "Mama, usichote!"

Jicho lake likaja mdomoni mwa kopo. Likanitafuta, likaniona.

"Bibi? Umo humo?"

"Nimo! Funga kopo! Usichote, usishike, kanawe mikono!"

Akafikiri. Bupe ni mtoto wa kufikiri.

"Bibi, mama ameandika unga upumzike, usisumbuliwe. Ukiongea unausumbua. Wewe pumzika tu."

"Bupe, kuna maziwa!"

"Shhh," akasema mjukuu wangu, kwa upole, kama ninavyomwambia mimi akiwa na homa.

Akachota. Nikapanda na kikombe. Kisu kikaja, kikapita juu ya vichwa vyetu, nikainama, kikachukua fundo la kilemba changu. Maji yakaja, mafuta yakaja. Sikuwa na miguu tena. Nikawa uji uji, nikawa mviringo, nikalala juu ya kikaango nikitazama dari la jikoni langu mwenyewe, yale masizi ninayosema kila siku nitayafagia.

"La nne," ikasoma karatasi. "Ngoja mapovu yatokee, ndipo ugeuze."

Mapovu yakatokea. Moja likafunguka kwenye bega langu, lina mdomo.

"Ngoja, bibi," likasema.

Jingine tumboni. "Ngoja, bibi."

"Mtoto atakula," nikasema. "Mtoto atakufa."

"Si wewe mvumilivu?" likacheka la begani. "Watu wote wanakusifia. Bibi wa Bupe hana haraka, bibi wa Bupe angengoja hata mto ukauke. Haya, ngoja. Tukimaliza kupasuka utageuzwa."

Yakawa mengi, yote yananiambia ningoje, pa, pa, pa, yanapasuka yanacheka. Nikageuzwa. Nikatiwa sahanini. Dirishani jua likasema, "Hatimaye," likainama kuvaa viatu. Uma ukashuka.

Ndani ya mdomo wa Bupe ni pazuri, niseme kweli. Meno mawili ya mbele ndiyo kwanza yanaota. Tukapita hapo, mimi na wenzangu, tumeshikana mikono, na mbele yetu kukawa na mlango mwekundu, mdogo, na bawabu amekaa kwenye stuli. Kavaa sweta. Ana daftari.

"Mko wangapi?"

"Saba," nikasema. "Unga, sukari, chumvi, beking pauda, mdalasini, mbegu za kitani, na mimi. Kuna maji na mafuta."

"Maji na mafuta siwahesabu, ni wenyeji." Akatuhesabu kwa kalamu. Akahesabu tena. Akanusa. "Mbona nanusa wa nane?"

Mbegu za kitani zikajificha nyuma yangu.

Akaweka kalamu chini. Akasimama, akaushika mlango kwa mikono miwili, akaanza kuufunga. Hakukasirika. Aliufunga kama mtu anayefunga duka saa imefika.

"Baba, ngoja," nikasema. "Ukifunga hapo mtoto atapumulia wapi?"

"Hilo haliko kwenye kazi yangu."

"Ni mtoto. Ana miaka saba."

"Mama, naona unavyoumia. Lakini mimi nimeambiwa akija huyo nifunge. Sikuambiwa lini nifungue."

Mlango unasogea. Nyuma yetu nasikia ile sauti. Uzi kwenye sindano. Mara moja. Mara ya pili, nyembamba zaidi.

"Rudi kwenye mstari, bibi," mdalasini ukasema huku unalia. "Labda atabadili mawazo. Tungoje."

Sikungoja. Niliutupa mwili wangu wote kwenye lile pengo, bega na nyonga na kichwa kisicho na kilemba. Mlango ukanibana mbavu. Bawabu akasema, "Mama, unaharibu sweta." Nikapiga kelele jina la mjukuu wangu, nikalipiga kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na nikaamka.

Kumekucha. Mwanga wa kijivu, ukungu dirishani kama kila siku ya huku kwetu. Mbavu zinauma. Nikapapasa kitanda upande wa Bupe. Hakuna mtu. Shuka limeshapoa.

Jikoni kikombe kikagonga bati.

Mimi magoti haya siku hizi yanataka kubembelezwa kabla ya kusimama. Leo sikuyabembeleza. Nilifika jikoni peku, nimejishika ukuta, wala sijui kanga ilidondokea wapi.

Bupe amesimama mezani, sare ameivaa nje ndani. Mbele yake bakuli lina uji mweupe wa pankeki, ameshaukoroga. Kikaango kiko mekoni, kimeshapata mafuta.

"Shikamoo, bibi. Nimekuanzia kazi. Mbona unahema?"

"Umeonja?"

"Aa-aa."

"Bupe, nitazame. Umelamba kidole? Umelamba mwiko?"

"Sijalamba, bibi. Mama ameandika usionje ukiwa mbichi." Akanionyesha karatasi ukutani, iko pale pale ilipobandikwa. Kisha akacheka, akanyoosha kidole mezani, nyuma yangu. "Ila muone huyu mwizi wa Mama Ambokile. Kaingia dirishani, tangu nifungue kopo hataki kutoka."

Nikageuka. Ni kale kapaka kake, keusi. Kamesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kwenye bati, kichwa kimeinama kwenye mdomo wa kopo. Hakakuugusa unga. Kilikuwa kinakwenda hicho kiulimi polepole kwenye mkunjo wa juu, ndani, kinazunguka, kinafika mwisho, kinaanza tena, na macho kakafumba kwa raha.

"Bibi," akasema Bupe, "kumbe paka anakula unga?"

"Paka hali unga, mama," nikasema, nikaliondoa bakuli mbele yake.